Kamba ya Mashine Ndogo

Oskar Lahtinen alikuwa ametundika mashine tatu za boti kwenye mapipa matatu ya maji nyuma ya duka lake, na Waino Rautio alizizunguka nusu saa nzima, mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe na hataki kudanganywa. Mkewe, Elna, alisimama kando ameukumbatia mkoba wake. Yeye hakuziangalia mashine. Aliziangalia kamba zake za kuwashia.

Watu wa Astoria, mji wa wavuvi karibu na mto unapoingia baharini, huchagua mashine ndogo kwa sikio. Ile injini kubwa, ya kukufikisha mlangoni mwa mto na kukurudisha nyumbani, ukiinunua hakuna anayekuuliza. Lakini hii ndogo inayoning'inia pembeni, ya kukokota chambo polepole mbele ya pua ya samoni, inajadiliwa kanisani, inajadiliwa kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke, inajadiliwa hata matangani. Inatiwa kwenye pipa, inawashwa, inapunguzwa mpaka iwe kama inakata roho, na wanaume wazima wanainamisha vichwa kuisikiliza. Inayokwenda pole kuliko zote ndiyo inayosifiwa. Nawapenda watu hawa, lakini hapo wananishinda. Pipa halina mkondo, halina ukungu, na maji yake hayapwi.

"Hii hapa," Waino alisema mwishowe, akaigonga kichwani ile ndogo kabisa, ya nguvu za farasi wanne. Oskar alikuwa ndiyo kwanza ameizima. "Umeisikia, Elna? Inatembea kama mchungaji aliyeshiba."

"Kwa kukokota haina mfano," Oskar alikubali. "Lakini mzee, maji yakianza kupwa kule chini, farasi wanne watakuwa wanapiga makofi tu. Chukua hii ya tisa. Unabonyeza kitufe, imewaka. Hata bibi harusi hachafui glavu."

"Ya tisa inakimbia. Samoni si mbwa, hafukuzi magari."

"Basi endelea kubishana. Mimi nauza zote."

Ile ya kitufe ndiyo Elna aliyoitaka, aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka dukani, na hakuweza kusema kwa nini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa pili moyo wa Waino ulimwangusha kwenye ngazi ya jikoni. Alitoka hospitali na amri tatu: asibebe, asiinue, asivute. Akaketi dirishani akautazama mto. Mtu aliyevua miaka arobaini kwa wavu, aliyejua kila fungu la mchanga chini ya maji yale, aliketi miezi mitatu akipoza kahawa asiyoinywa, na shati likamning'inia mabegani. Elna alikuwa akimwona anakwisha mbele ya macho yake. Siku moja binti yao, Saimi, akaja na tangazo la kuuza boti, ameshaliandika. Daktari akaulizwa. Daktari akasema mzee anaweza kukaa ndani ya boti kama mtu yeyote, mradi awe na mwenzake anayeweza kuiendesha na kuirudisha peke yake.

"Mama," Saimi aliuliza siku ile, akimkazia macho, "unaweza kuvuta kamba ya mashine?"

"Naweza."

Jioni hiyo Waino alikunywa kahawa yake yote na kuomba kipande cha pili cha mkate wa iliki. Saimi akalikunja tangazo lake, akalitia mfukoni. Kwa ajili ya hilo Elna angeapa uongo mbele ya mtu yeyote.

Lakini hakuweza. Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kutia samaki makoponi, kisu mkono wa kulia, samaki baada ya samaki, bega lile lilikuwa limekwisha. Nywele alichania mkono wa kushoto. Nguo alianikia mkono wa kushoto. Waino, ambaye alijua upepo utageukia wapi kabla upepo wenyewe haujaamua, alikaa meza moja na mwanamke huyo miaka yote hiyo asilione jambo hilo, au basi ndivyo Elna alivyodhani.

"Shemeji," Elna alisema, na sauti yake ilitoka kavu, "hiyo ya kitufe si mbaya. Kwa ajili ya maji kupwa."

Waino akamgeukia. "Kwani kamba inakushinda?"

Oskar akainamia pipa, akajifanya anaokota jani. Marehemu mkewe alikuwa dada yake Elna, na dada huyo alisimama pembeni yake kiwandani miaka ishirini. Oskar alijua.

"Nani kasema inanishinda? Nimesema maji."

"Maji niachie mimi. Wewe vuta tuone."

Elna akamkabidhi Oskar mkoba. Akashika kishikio kwa mkono wa kulia, akakaza meno, akavuta. Kitu kikapasuka begani mwake kama kuni mbichi motoni. Mashine ikanguruma papo hapo, maana ilikuwa bado moto, na Waino akacheka kwa raha, kicheko cha kwanza tangu alipoanguka. Elna akageukia ukuta akapangusa macho, akasingizia moshi.

Wakainunua ile ya farasi wanne.

*

Pipa lao lilikaa nyuma ya sauna, na mashine ikaishi humo mwezi mzima, ikisubiri samoni wapande kutoka baharini. Kila mchana Waino alipolala, Elna alitoka kwa mlango wa nyuma. Alijaribu mkono wa kushoto, ukawa mjinga, hauna mwendo. Alijaribu yote miwili, akakosa pa kusimama. Siku ya tano akaenda stoo akakata kipande cha kamba ya wavu, urefu wa mkono mmoja na nusu, akakifunga kwenye kishikio cha mashine. Upande wa pili akafunga boya la mti la wavu wa zamani, linalojaa vizuri kwenye viganja viwili. Sasa angeweza kurudi nyuma hatua mbili, akalishika boya tumboni, akajitupa kinyumenyume kwa uzito wake wote. Hapo bega halikuwa na kazi. Mwili ndio uliovuta.

Mashine ikawaka mara ya pili tu.

Elna alikaa chini kwenye kigogo cha kuni, akaiangalia ikizunguka, akacheka peke yake. Kesho yake ikawaka mara ya kwanza. Kesho kutwa vilevile. Akaanza kutembea kifua mbele. Alichoshangaa ni kwamba kila alipoweka mkono juu ya kifuniko chake kabla ya kuvuta, alikikuta kina uvuguvugu, na alijiambia ni jua, ingawa mwezi mzima ule jua la Astoria lilikuwa la kuazimwa. Mtu akishapata anachokitaka haulizi sana. Baada ya mazoezi alifungua kipande chake cha kamba, akakikunja, akakificha kwenye mfuko wa aproni.

Jumamosi jioni walifunga mashine kwenye boti. Jumapili alfajiri wakaingia mtoni.

Injini kubwa iliwapeleka chini bila neno, na ukungu ukawapokea karibu na mlango wa mto, mzito, mweupe. Walisikia boti nyingine huku na huku lakini hawakuona hata moja. Boya la kumi, alama ya njia ya meli, lilitokea upande wa kushoto, jekundu, likiwa limeanza kuinamia baharini. Waino aliliangalia boya hilo akaangalia saa yake.

"Maji yamegeuka," alisema. "Tuna saa moja nzuri, halafu tunaondoka. Samoni huuma sana maji yakianza kupwa."

Alikuwa mtu mwingine. Mashavu yalikuwa na damu, vidole vilivalisha chambo bila kutetemeka. Elna alimtazama akajisemea kwamba uongo wake umemfufua mtu, na haujutii. Waino akazima injini kubwa. Kimya kikaingia, na ndani ya kimya hicho, mbali kidogo upande wa bahari, Elna alisikia mawimbi yakivunjika juu ya fungu la mchanga. Wote mjini waliujua mlio ule. Kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwenye ukuta wa kanisa lao kwa sababu yake.

"Haya, bibi," Waino alisema kwa furaha. "Vuta."

Elna hakutaka kutoa kipande chake cha kamba mbele ya mumewe. Ni kiburi tu, na siwezi kumtetea. Alipiga moyo konde akashika kishikio kwa mkono wa kulia, kama mtu mwenye bega, akavuta. Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akaigusa kifuniko. Kilikuwa baridi kama jiwe, na ndipo alipotambua kwamba hajawahi kuikuta baridi.

Akavuta tena. Bega likaachia. Mkono ukaanguka pajani ukabaki umening'inia, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

"Elna?"

"Washa injini kubwa."

Waino alizungusha ufunguo, akasikia *tik*. Akazungusha tena. *Tik*. Taa ya kifaa cha kupimia kina ilikuwa imekufa, na redio pia. Waya mkubwa wa betri ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake na sasa umekatika, jambo walilokuja kulijua siku mbili baadaye. Hata ile ya kitufe ingekaa kimya hapo, maana boti ilikuwa na betri hiyohiyo moja. Nasema hivi kwa sababu Oskar baadaye aliutangazia mji mzima kwamba yeye alionya.

Boya la kumi lilikuwa limeshapita nyuma yao. Waino akatupa nanga kwa namna ya kuisukuma tu kwa mguu ukingoni. Kamba ikakimbia, ikakaza, boti ikageuka. Wakapumua. Kisha wakasikia nanga ikikwangua mchangani, *grr*, *grr*, na boti ikaendelea kwenda. Elna akapuliza filimbi mpaka masikio yakamziba. Ukungu ukaimeza.

"Bega," Waino alisema. Hakuwa anauliza.

"Limekufa. Lina miaka sita." Elna alikuwa tayari anapapasa mfuko. "Nilimdanganya Saimi. Nilimdanganya daktari. Nilikudanganya wewe. Nisamehe, au usinisamehe, lakini geuka kidogo nipite."

Akatoa kamba yake kwenye mfuko, kwa mkono wa kushoto na meno akaifunga kwenye kishikio. Akalishika boya la mti tumboni, akajitupa nyuma. Mashine ikakohoa. Akajitupa tena, akaanguka juu ya sanduku la samaki, akaamka. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mlio wa mawimbi ulikuwa umekaribia, na sasa haukuwa mlio mmoja, kila wimbi lilikuwa na lake.

"Nyumbani ilikuwa inawaka," alisema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Kila siku ilikuwa inawaka."

Waino alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya ukingo wa boti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa mkono ukiwa ndani ya sufuria.

"Ilikuwa inawaka kwa sababu nilikuwa nimeshaiwasha mimi," alisema. "Kila siku. Ukienda dukani, kabla tu sijalala mchana."

Elna akamwangalia.

"Ndiyo maana nilichagua ndogo. Kubwa nisingeiweza. Nilitaka nijue kwamba ukishindwa, ninaweza. Naona nywele unazichana kwa mkono upi, Elna. Sijawa kipofu."

"Daktari alikwambia usivute."

"Na wewe ulimwambia daktari unavuta."

"Wewe mzee mshenzi," Elna alisema polepole, kwa hasira iliyotoka mbali. "Ungekufa nyuma ya sauna, peke yako, mimi nanunua viazi."

"Nitukane tukirudi. Sogea."

Alipofika kwenye mashine Elna alimsukuma kifuani kwa kiganja. Moyo ule aliusikia chini ya jaketi, ukidunda ovyo. Kama Waino angevuta peke yake, mashine ikiwa baridi vile, mara tano, mara sita, angemwona anaanguka hapohapo. Kama asingevuta, wangeanguka wote wawili. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri jambo la tatu, lakini mikono yake ilishalifikiri. Misimu miwili ya kwanza ya ndoa yao, walipokuwa hawana uwezo wa kumwajiri mtu, Elna ndiye aliyekuwa mvutaji wa wavu kwenye boti ya Waino. Wavu wote, usiku kwa mchana, waliuvuta wawili, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa anavuta kwa mkono. Walikuwa wanaulalia.

"Shika huku," alisema. "Mkono mmoja. Usivute. Lala tu, kama wavu."

Wakasimama pamoja, boya la mti katikati yao, mgongo wao kwa bahari.

"Moja," Waino alisema. "Mbili."

Wakalala. Mashine ikakohoa mara mbili. Wimbi lililovunjika karibu likaitingisha boti, povu likaingia miguuni.

"Moja. Mbili."

Ikashika. Ikanguruma, ikasita, Elna akarudisha choki, kizibo cha hewa, kwa kidole, ikanguruma tena na haikuacha. Waino akashika usukani wake mdogo, akaifungua mpaka mwisho, akageuza pua ya boti kuelekea nyumbani. Elna akaikata kamba ya nanga kwa kisu cha chambo. Waliangalia boya la kumi, ambalo sasa lilionekana kwa mbele kama doa. Walisubiri likaribie.

Halikukaribia. Wala halikuenda mbali. Farasi wanne walikimbia kwa nguvu zao zote na boti ikasimama palepale, kama vile Oskar alivyosema.

"Waino."

"Naona."

Elna akamwona amefumba macho. Kwa kitambo kidogo Elna alidhani moyo umemshika, akatafuta kichupa cha vidonge mfukoni mwake, akamtia kimoja chini ya ulimi kwa nguvu kama mtoto. Lakini Waino alikuwa anasikiliza. Kisha akageuza usukani, akaacha kushindana na mto, akayakata maji kwa upande, kuelekea kaskazini. Boti ikaanza kuteleza kwa mshazari. Ilikuwa inarudi nyuma kila hatua, ikienda kando kila hatua, na Elna alihesabu mawimbi kwa sauti ili asipige kelele. Alifika mia moja na arobaini. Halafu ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia mawimbi ukatokea ndani ya ukungu, mweusi, umejaa ndege, na nyuma yake maji yalikuwa yametulia kabisa.

Walifunga kamba kwenye jiwe. Walikaa hapo kwa saa tano, mpaka maji yakaanza kujaa tena, na muda huo wote hakuna aliyethubutu kuizima mashine. Iliungurumia hapo pembeni, pole, pole, nzuri kuisikiliza, mpaka dumu la petroli likawa karibu kukauka. Walikula mkate wa iliki. Waino aliinywa kahawa yote iliyokuwa kwenye chupa.

"Tutamwambia Saimi kulikuwa na ukungu," alisema. "Ukungu ulikuwepo. Si uongo."

Elna alikuwa akiuangalia mkono wake wa kulia juu ya paja, na mkono wa mumewe pembeni yake, umevimba mishipa.

Maji yaliyojaa yalipowasukuma mpaka gatini, Saimi alikuwa amesimama hapo tangu saa sita mchana, bila koti. Aliwaangalia wote wawili wakipanda, akaangalia kamba ya wavu iliyoning'inia kwenye mashine, na boya lake la mti. Hakuuliza mmekuwa wapi.

"Mama," aliuliza, "nani aliivuta?"

Waino alitazama mto. Kulikuwa na neno moja la kusema, "mimi", fupi, na Elna alikuwa na mazoezi nalo. Angelisema, na Jumapili ijayo wangekwenda tena, na mzee angekula.

"Wote wawili," alisema. "Hakuna aliyeweza peke yake."

Boti iliuzwa ndani ya wiki. Mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mto aliichukua, na alikuwa tayari na mashine yake, ya tisa, ya kitufe, kwa hiyo ile ndogo hakuitaka. Oskar akaileta nyumbani kwa gari lake, akairudisha kwenye pipa nyuma ya sauna, akaenda zake bila kusema mbele yao kwamba alionya. Waino akarudi dirishani. Siku tisa hakuzungumza na Elna zaidi ya kuomba chumvi, na Elna akavumilia, akisema moyoni kwamba yuko hai, ananuna lakini yuko hai, na usiku akilia kwa sababu hakuwa na hakika kama hicho ndicho alichokuwa akikipigania.

Siku ya kumi, baada ya chakula cha jioni, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Elna akasikia kwa nyuma kamba ikivutwa kwa udhaifu, mashine ikikohoa. Akatoka mbio na kitambaa cha vyombo mkononi, tayari kugomba.

Waino alikuwa amesimama mbele ya pipa. Alikuwa ameshafunga kipande cha kamba ya wavu, na alilishika boya la mti kwa upande mmoja tu, upande wa pili ameuacha wazi.

"Ni baridi," alisema. "Sikuiwasha leo."

Elna akakitupa kitambaa juu ya kuni. Akashika upande wake. Hawakumuuliza daktari. Walihesabu mpaka mbili, wakalala, na majirani wote wa mtaa ule wakaisikia ikiwaka, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka ikawa inatembea kama mchungaji aliyeshiba. Wakakaa kwenye kigogo kuisikiliza mpaka petroli ilipokwisha.